Miguu ya Pola

Pola wa Kakuyuni alikuwa mwanamke wa miguu. Watu walimjua kwa mwendo kabla ya kumjua kwa sura: tenga la bamia na mchicha kichwani, shingo imenyooka, leso imekazwa kiunoni, anawasalimu wanaume njiani huku amekwisha kuwapita. Mumewe alikuwa amefariki, binti yake wa pekee ameolewa Kaloleni, na shamba lake dogo alililima peke yake na mazao akayapeleka sokoni Malindi peke yake. Hakuwa tajiri, lakini hakumwomba mtu chumvi.

Alfajiri moja, mvua ikiwa imekatika, alitoka na tenga lake kwenda kungoja gari. Alikuwa pembeni kabisa ya barabara, kwenye majani, alipoiona pikapu ikija kwa kuyumba. Aliitambua. Kakuyuni nzima iliijua pikapu ya Dena ya kubebea mawe ya kujengea, taa moja kali na ya pili hafifu kama jicho lenye mtoto. Hakuwahi kuruka. Alipofumbua macho alikuwa mtaroni, shavu limelala ndani ya maji, mguu wa kulia umegeukia upande usio wake. Akasikia milango ya gari ikifunguliwa, kisha viatu kwenye kokoto. Mwanga wa simu ukampiga usoni.

"Ni Pola," ilisema sauti ya kwanza, nayo ilikuwa ya Baya, shemeji yake Dena. "Yuko hai, shemeji. Anapumua."

"Zima hiyo taa," ilisema ya pili. "Twende zetu."

Wakaenda. Pola alilala pale hadi jua lilipopanda, wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji wakamkuta.

Hospitalini Malindi walimtia vyuma kwenye paja na nyonga. Daktari aliyempasua, mtu mpole asiyependa kudanganya, alimwambia Kabibi, mdogo wake Pola, kwamba wasitarajie makubwa. Pengine ataweza kukaa vizuri. Pengine atasimama kwa kushikiliwa. Kutembea hakukutaja kabisa. Alipotolewa wodini Kabibi akamchukua kwake mtaa wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi, kwenye chumba cha udongo na mabati ambamo kitanda kimoja kilijaza nusu ya nafasi, ili awe karibu na kliniki.

Kabibi alikwenda kituo cha polisi, akaambiwa alete shahidi. Akaenda Kakuyuni kwa wazee. Wazee wakamwita Dena, na Dena akaja na kanzu safi na mkewe Hope, akakaa kwenye kiti alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Alikuwa mtu mkubwa pale. Mabati ya kanisa alitoa yeye, na misibani gari lake ndilo lililobeba maiti na wafiwa. Alisema alfajiri ile alikuwa amelala. Baya naye akasema alikuwa amelala, huku akitazama vidole vyake vya miguu. Kabibi aliposhikilia kwamba dada yake aliwaona na kuwasikia, Dena alicheka kwa huruma, akasimama.

"Kabibi, dada yako aligongwa kichwa. Mtu aliyegongwa kichwa huona hata malaika. Lakini wazee, nisikieni. Siku ambayo Pola atakuja kwa miguu yake mwenyewe, hashikwi na mtu, akasimama mbele yangu na kuniambia Dena ulinigonga, siku hiyo nitakubali lolote atakalosema. Naapa mbele yenu."

Baadhi ya watu walicheka. Walikuwa wameuona mguu wenyewe hospitalini, umelazwa juu ya mto kama kitu kilicholetwa kutoka mahali pengine.

Kabibi alirudi Kisumu Ndogo akiwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Alidhani atamficha dada yake maneno yale. Pola hakukubali.

"Alicheka?"

"Alicheka, dada."

"Na wazee?"

"Wengine."

"Hebu sema tena alivyoapa. Neno kwa neno."

Kabibi akayasema. Pola aliyasikiliza akiwa amefumba macho, midomo yake ikiyafuata kama mtu anayejifunza dua. Kisha akafumbua.

"Nipe mkono wako," alisema. "Nataka kusimama."

Siku ile hakusimama. Alijiinua kidogo, maumivu yakamwangusha kitandani, jasho likamtoka hadi nyayoni. Lakini kuanzia hapo hakuna aliyemwambia afanye mazoezi. Ni yeye aliyewasumbua wenziwe. Kliniki alikuwepo Phoebe, mwanamke mnene mwenye mikono ya joto ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu viungo vyao upya. Phoebe alimwonyesha namna ya kuinua mguu akiwa amelala, namna ya kuukunja, namna ya kusimama kwa kushika ukuta na kuhamisha uzito polepole.

"Mguu uliovunjika ni kama mbuzi mtoro, mama," alisema Phoebe. "Usipoufuata kila asubuhi, unarudi porini."

Shida ilikuwa mahali. Vichochoro vya Kisumu Ndogo ni vyembamba, na maji machafu hupita katikati. Kabibi alikuwa akifua nguo kwa Bi Kulthum, mjane wa mji wa kale mwenye nyumba ya ukoo iliyojengwa kwa mawe, yenye ua mrefu wa sakafu laini. Siku Kabibi alipomweleza habari ya dada yake, Bi Kulthum hakuuliza maswali mengi. Alisema tu, "Mlete. Ukuta wangu hauliwi na mikono."

Basi kila asubuhi tuktuk iliwashusha mlangoni, na wakati Kabibi akifua, Pola alitembea na ukuta. Alikuwa na siri yake moja. Kila alipouinua mguu mbovu alilitaja jina la Dena kimoyomoyo, na kila alipoushusha aliukanyaga uso wa Dena. Alianza na kipaji, akateremka kwenye pua, akamaliza na ile midomo iliyocheka. Siku ambazo maumivu yalizidi alimkanyaga zaidi. Bi Kulthum, aliyekuwa akimtazama kutoka ukumbini huku akichambua mchele, alimwambia siku moja:

"Mwanangu, unatembea kama mtu anayeua nge."

"Naua, Bi Kulthum."

"Haya. Usikose shabaha."

Kwa mwendo huo mguu ukaanza kutii. Kwanza aliuacha ukuta kwa mkono mmoja. Kisha akaweza kukata ua kwa mkongojo. Phoebe alipomwona akiingia kliniki bila kiti cha magurudumu aliwaita wenzake waje watazame. Kule Kakuyuni habari zikafika kwamba Pola anatembea kwa mkongojo, na zilipofika kwa Dena, Dena akaamua kwenda kujionea.

Alikuja mchana, Kabibi hayupo. Alikuja na Hope, na watu wa kanisa, na kijana wa kupiga picha. Wakati huo kisima kikubwa cha mradi kilikuwa kinachimbwa Kakuyuni, na Dena alikuwa anautaka uenyekiti wa kamati ya maji. Walileta unga, sukari, mafuta na leso mpya. Wakajaa chumbani, wengine wakabaki mlangoni. Dena akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa Pola kwa mikono yake miwili, akaanza kumwombea kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Pola aliutazama ule mkono. Kucha zilikuwa safi, zimekatwa vizuri. Akaung'oa mkono wake, akausahau mkongojo, akasahau yote aliyofundishwa, akanyanyuka kwa mkupuo ili amtupie Dena ule unga usoni. Alisimama kwa muda wa kupepesa jicho tu. Kisha nyonga ikamsaliti, na akaanguka kifudifudi miguuni pa Dena, pakiti ya unga ikapasuka chini yake.

Walimwinua. Dena mwenyewe alimpangusa unga usoni kwa ile leso mpya.

"Pole, mama," alisema taratibu. "Usijitese. Kaa tu utulie. Mungu akimkalisha mtu, ana makusudi yake."

Kijana alikuwa amepiga picha. Kufikia jioni zilikuwa zimeingia kwenye simu za Kakuyuni nzima: Pola sakafuni, mweupe kama aliyepakwa chokaa, na Dena amemwinamia kama baba.

Kesho yake Kabibi alipomwamsha waende kwa Bi Kulthum, Pola aligeukia ukuta. Alisema nyonga inauma, na kweli ilikuwa inauma. Kesho kutwa akasema hivyo hivyo. Siku ya tatu Kabibi aliondoka peke yake. Phoebe alipiga simu, haikupokelewa. Mkongojo uliegemezwa nyuma ya mlango, buibui akaufunga kwenye ukuta. Pola alilala na kuhesabu yaliyopotea: asubuhi zote zile, jasho lote lile, na mwisho wake ni kulala miguuni pa mtu yule yule. Alijiona mjinga. Hata ile chuki, iliyokuwa ikimwamsha kabla ya adhana, sasa ilikuwa imelala naye kitandani, nzito, haina kazi. Ramadhani ikaandama, ikapita. Mguu ukakakamaa.

Baada ya Idi, Bi Kulthum alimtuma Kabibi na ujumbe: anamtaka Pola, haja si mazoezi, haja ni mazungumzo. Mwaliko wa mtu mzima haukataliwi. Pola akabebwa hadi kwenye tuktuk.

Walimkuta Bi Kulthum ukumbini. Kwenye sinia palikuwa na mahamri na mbaazi za nazi, chai ya tangawizi inafuka.

"Shikamoo, Bi Kulthum."

"Marahaba, mwanangu. Kula."

Pola alikula. Bi Kulthum hakugusa kitu. Pola akamwuliza kama ni mgonjwa.

"Nimefunga," alisema Bi Kulthum.

"Si Ramadhani imekwisha?"

"Imekwisha. Lakini presha ilinipanda katikati ya mwezi, daktari akanilazimisha nile. Siku zile zilinipita. Sasa nazilipa."

Pola, ambaye alikulia kwenye nyumba ya Kikristo na hakujua sana mambo hayo, alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mfungo wako uliharibika."

"Uharibike kwa nini?" Bi Kulthum alimtazama kama aliyesikia jambo la kitoto. "Nilikula kwa siku zilizonishinda, nilipopata nguvu nikarudi kufunga na wenzangu, na zilizobaki ndizo hizi. Ungeharibika kama ningesema, maadamu nimekwisha kula leo, basi nile mpaka Idi. Huyo ndiye aliyeharibu. Wewe umekula siku ngapi, Pola?"

Pola alilirudisha hamri kwenye sinia.

"Sikuiti nikuambie umsamehe yule mtu," Bi Kulthum aliendelea. "Hayo ni yako na Mola wako. Lakini nilikuona ukitembea hapa, na nilisikia ulivyoanguka kule. Hukuangushwa na mguu. Ulitaka kumaliza kazi yote kwa pigo moja. Hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Alikuja pale akiwa hana kitu, akaondoka na picha."

"Nilishindwa kujizuia."

"Ulishindwa siku moja. Hizo nyingine umemzawadia wewe mwenyewe."

Neno hilo lilimchoma Pola kuliko vyuma vya nyonga. Aliona ni kweli. Dena alikuwa amemwambia akae atulie, naye akakaa akatulia, kama mke mtiifu. Kila siku aliyolala ilikuwa imehesabiwa upande wa Dena, na Dena hakuhitaji hata kunyanyua kidole. Akaisukuma sinia pembeni.

"Kabibi," aliita, "nisogeze kwenye ukuta."

Alianza nyuma ya pale alipoachia, maana mguu ulikuwa umerudi porini kama Phoebe alivyosema. Alilia kwa uchungu, na Phoebe alipompokea tena kliniki hakumkaripia. Alimwuliza tu mguu gani unaanza. Ila mwendo wa safari hii ulikuwa mwingine. Chuki hakuitupa, aliipunguza moto, kama mwanamke anavyotoa kuni mbili chini ya chungu cha maharagwe ili yaive bila kuungua. Siku aliyohisi homa alilala, na homa ilipoondoka alirudi. Mama mkwe wa binti yake alipokufa alikwenda Kaloleni matangani, akakaa huko na mguu ukavimba. Aliporudi alikwenda ukutani bila kujilaumu na bila kumweleza mtu hadithi ndefu. Alijifunza kuiogopa siku ya pili ya kukosa kuliko ya kwanza. Ya kwanza humpata kila mtu. Ya pili ndiyo inayoalika wenzake.

Jambo moja zaidi alilifanya: aliacha kuonekana. Alimkataza Kabibi kusema lolote Kakuyuni. Waliouliza waliambiwa Pola yuko vile vile, kalala. Dena akaambiwa hivyo, akaridhika.

Uenyekiti alipata. Siku ya kumkabidhi kisima ikatangazwa, na Kabibi akaleta habari. Pola wakati huo alikuwa akitembea ua mzima wa Bi Kulthum bila mkongojo, akichechemea, lakini akitembea. Alimwomba Kabibi amfulie leso zake nzuri.

Sherehe ilikuwa kwenye uwanja wa shule. Turubai lilikuwa limefungwa, naibu wa chifu amekaa, wazee wamekaa, na Dena kakaa katikati na shada la maua shingoni. Tuktuk ilisimama barabarani, mbali, kwa sababu Pola alitaka hivyo. Alishuka. Kabibi akamnyooshea mkongojo, Pola akatikisa kichwa.

Uwanja ulikuwa na mashimo na visiki vya nyasi, hakuna ukuta popote. Alianza kutembea. Mwanzo hakuna aliyemjali, ni mwanamke tu anayekuja kwenye mkutano. Kisha mama mmoja akageuka, akamshika mwenziwe bega. Ngoma zikanyamaza upande huo, halafu upande wa pili. Njia ikafunguka katikati ya watu. Pola hakumtazama yeyote ila Dena, naye Dena alimwona tangu njia ilipofunguka, akawa hana pengine pa kutazama. Nusu ya njia mguu ulitetemeka. Alisimama, akaupa nafasi ukatulia, akaendelea. Hakuwa na haraka tena. Alikuwa ameisubiri sura ile, na sasa aliiona ikibadilika kidogo kidogo, na alitaka kuiona yote.

Akafika mezani.

"Dena," alisema, "ulinigonga."

Hakupaza sauti. Kipaza sauti kilikuwa mezani, kikamsaidia.

"Ulinigonga ukashuka. Baya akasema, ni Pola, yuko hai, anapumua. Wewe ukasema, zima hiyo taa, twende zetu. Nimekuja kwa miguu yangu. Uliapa kwamba nikija utakubali."

Dena alicheka, lakini hakucheka mtu mwingine. "Mama Pola, tunamshukuru Mungu kwa kupona kwako. Yale yalikuwa maneno ya mzaha."

Mzee Mwaringa, mkubwa wa wale wazee, alikuwa mstari wa mbele. "Tuliyasikia," alisema. "Uliapa. Hukusema unatania."

"Shahidi yuko wapi? Mtu aliyegongwa kichwa..."

"Alikuwa anapumua."

Watu waligeuka. Baya alikuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai, kofia mkononi, uso umempauka.

"Nilimwambia anapumua," alisema Baya. "Nilimwambia garini turudi tumbebe, akakataa. Nilisema uongo mbele yenu, wazee. Tangu siku ile silali. Na leo nimemwona anakuja kwa miguu, siwezi tena."

Hope alijifunika uso kwa leso. Naibu wa chifu akainuka, akasema kisima hakitakabidhiwa siku hiyo. Shada la maua lilibaki shingoni kwa Dena kwa muda mrefu, hakuna aliyekumbuka kumvua, na yeye mwenyewe hakukumbuka.

Polisi walimchukua, akaachiliwa kwa dhamana kungoja kesi. Wazee nao wakaketi, kwa sababu kiapo ni kiapo. Walimtoza Dena mbuzi na ng'ombe wa kuosha aibu, wapewe Pola. Pola alisema hataki mnyama.

"Alikubali lolote nitakalosema," aliwaambia. "Nasema hivi: atembee. Aanzie kwenye mtaro alioniachia, aende mpaka lango la hospitali Malindi, kwa miguu, mchana, watu wakiona. Nami nitakuwa nyuma yake."

Dena alitazama huku na huku. "Nikitembea, utaifuta kesi?"

"Hilo sijalisema."

Alikubali, maana alidhani baadaye atamlainisha. Akatoka asubuhi akiwa na viatu vya ngozi na kichwa juu, kama mtu anayekwenda ibadani. Mzee Mwaringa alifuata kwa baiskeli awe shahidi. Pola alifuata ndani ya tuktuk iliyokwenda kwa mwendo wa kobe. Watu walitoka majumbani. Wengine walinyamaza, na wanawake wa sokoni waliowahi kubeba matenga na Pola walipiga vigelegele. Jua likapanda. Viatu vikavuliwa, vikashikwa mkononi, kisha vikaachwa. Walipofika kijiji cha Ganda, Dena alikaa chini ya ua wa michongoma, nyayo zimetoka malengelenge, shati limeganda mgongoni.

"Mama Pola," alisema, "nimeshindwa. Niruhusu nipande pikipiki nimalizie. Naomba radhi. Naomba sana."

Pola alishuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alisimama mbele ya Dena hadi kivuli chake kikamfunika. Aliyakumbuka maji ya mtaroni kwenye shavu, na ile taa iliyozimwa.

"Umechoka?"

"Nimechoka."

"Basi nenda nyumbani ukalale. Kuchoka si kosa. Kesho tutakukuta hapa hapa, uendelee ulipoachia."

Dena alimtazama. "Na kesho nikishindwa?"

"Kesho kutwa ipo. Mimi nina siku nyingi, Dena. Wewe ndiye uliyenifundisha kukaa."

Mzee Mwaringa aligeuza uso, akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli yake.

Kesho yake Dena alikuja, kwa ndara, kichwa chini, nyayo zimefungwa vitambaa. Akafika lango la hospitali wakati wa adhuhuri. Phoebe alikuwa ametoka kununua chakula. Alimtambua Pola, akamtazama mtu yule aliyekuwa akichechemea mbele yake, akaelewa bila kuelezwa. Dena alishika nguzo ya lango, akalia. Pola alimwacha alie. Ilikuwa tamu, asidanganywe mtu. Ilikuwa tamu kama embe la kwanza la msimu, na Pola alilila lote, hakumwonjesha mtu.

Jioni Bi Kulthum alimwuliza kama moyo umepoa.

"Nusu," alisema Pola.

Kesi ilikokotwa mwaka mzima na ziada. Tarehe ilitajwa, ikaahirishwa. Mara wakili wa Dena anaumwa, mara jalada halijafika. Pola alihudhuria kila mara, akikaa benchi la mbele ambapo Dena hangeweza kugeuza shingo bila kumwona. Mara moja nyonga ilimzuia kutoka kitandani, akakosa, na Kabibi akasikia baadaye kwamba wakili alitoka kortini akitabasamu, akimwambia Dena kuwa mama amechoka sasa. Tarehe iliyofuata mlango wa mahakama ulipofunguliwa, Pola alikuwa amekwisha kusimama nje, leso imekazwa kiunoni. Dena alipomwona alisimama pale pale kwenye ngazi, mguu mmoja hewani, wakili akalazimika kumsukuma.

Baya alitoa ushahidi. Dena alihukumiwa kifungo, na leseni yake ikafutwa. Pola aliisikiliza hukumu akiwa wima ingawa karani alimwambia anaweza kukaa.

Baadaye, aliporudi Kakuyuni kwenye nyumba yake, Hope alikuja na wanawake wa kanisa kumwuliza kama sasa atamsamehe mumewe. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa. Akawajibu kwamba bado hajafikiria jambo hilo, kwa kuwa mvua imeanza na ana mihogo ya kupanda.